Pikapu Inayokataa Kubadili Gia



Pikapu zetu kuukuu za otomatiki, zikipanda kutoka Litein kwenda Kericho na magunia ya majani chai, injini hunguruma bure na gia huchelewa. Fundi husema mara moja: giaboksi ifunguliwe. Tusikubali upesi, maana pesa ya chai huishia hapo. Sisi wa reli hupima oili kwanza.

Tuipime injini ikiwa moto na ikizunguka, gari likiwa tambarare (kwetu huku, tambarare ni ya kutafutwa), gia kwenye P au kama kitabu cha gari kiagizavyo. Ikipungua, tuongeze ya aina ile ile, tutafute inapovuja. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi za ndani zimeumia, mzigo ushushwe. Ikiwa safi na kamili, tutazame kebo itokayo kwenye kabureta, kwa magari yaliyo nayo: huenda haikurekebishwa sawasawa.