Bagika na Bagalu: Mahasimu Waliotungiana Nyimbo

Mlioko Kiseke, Buswelu na kote Kanda ya Ziwa, sogeeni karibu na redio. Leo nina habari za watu wawili ambao historia inawakumbuka kama mahasimu. Mimi nawaita washirika, na nitawaeleza kwa nini.

Katikati ya karne ya 19, Usukumani walikuwapo viongozi wawili wa ngoma, Ngika na Gumha. Wote walikuwa mafundi wa dawa, na ubishi ukawa ni huu: dawa ya nani ina nguvu zaidi? Waliupeleka ubishi wao uwanjani. Kila mmoja acheze na watu wake, umati uamue. Wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na makundi hayo mawili yapo hadi leo.

Sasa sikilizeni utaratibu wake, maana hapo ndipo penye utamu. Mashindano huja baada ya mavuno, jembe likishapumzika. Makundi mawili hupiga ngoma kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huyu upande huu na yule upande ule. Hakuna jopo la majaji wala karatasi za alama. Mtazamaji anapiga kura kwa miguu: ukichoshwa na Bagalu, unavuka kwa Bagika. Mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Fikirini basi kazi ya ningi, yaani kiongozi wa ngoma ambaye ndiye mtunzi. Wachezaji wake ni wakulima na wafugaji, si wasanii wa mshahara. Wimbo uliochakaa haumzuii mtu kuondoka. Kwa hiyo atunge mpya, amchambue mpinzani wake, amkejeli mpaka watu washike mbavu. Na huko ng'ambo ya uwanja mwenzake anajibu. Kukawa na dawa za kuvuta watu, kukawa na sanamu za mbao zenye mikono inayochezeshwa, na Bayeye, wale wacheza na nyoka, wakaingia na chatu mabegani. Ukinipa wimbo, kejeli, vinyago na chatu mahali pamoja, mimi nasema hiyo ni tamthilia ya muziki, hata kama haikuwa na pazia wala tiketi.

Wako waliotunga kwa kukaa pamoja. Mwaka 1977, jirani zetu wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda, mchezo uliojaa nyimbo, ukachezwa na wanakijiji wenyewe wa Kamirithu, Limuru. Serikali ikaupiga marufuku mwezi Novemba mwaka huohuo. Kalamu mbili, kazi moja. Huku kwetu ushirika ulikuwa wa kinyume: mtunzi wa Bagika hakuwa na cha kujibu pasipo mtunzi wa Bagalu. Mpinzani ndiye aliyemkosesha usingizi, na mpinzani huyohuyo ndiye aliyempa mada.

Karne ya 20 nyimbo zikapata mambo mapya ya kusema. Pamba ikaingia, na mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana katika shirikisho la Victoria, Paul Bomani akiwa mbele. Watunzi wakaimba pamba, wakaimba uhuru.

Kanisa nalo likasogea. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alifika Bujora miaka ya 1950. Pale Kisesa, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini, aliingiza ngoma na nyimbo za Kisukuma katika ibada, kisha akashirikiana na Wasukuma wenyewe kuanzisha makumbusho. Ndani yake Bagika na Bagalu wana jengo lao. Kwa padre wa zama zile, huo ulikuwa ujasiri, tena mkubwa. Sherehe ya Bulabo, inayokwenda pamoja na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ndiyo iliyoyashika mashindano haya yasipotee.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Kiseke, mwezi wa sita ukifika pandeni gari za Kisesa mwende Bujora. Simameni kwanza katikati, msikilize pande zote mbili, ndipo mchague pa kwenda. Na kama nyumbani kuna babu au bibi anayekumbuka nyimbo za mashindano, msingoje hiyo Juni. Mrekodini leo kwa simu zenu.