Mzee Anayesahau Bado ni Mtu wa Baraza

Mwalimu wa zamu, tafadhali ongeza sauti ya redio kidogo ili walioketi nyuma wasikie. Kisha andika ubaoni maneno haya matatu: KUSAHAU, MCHEZO, BARAZA. Somo letu la leo limo ndani ya maneno hayo. Tutajifunza jinsi michezo, nyimbo na kazi nyepesi zinavyoweza kumsaidia mzee mwenye ugonjwa wa kusahau.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Kila mtu husahau. Ukisahau mahali ulipoweka jembe, na jioni ukalikumbuka, huo si ugonjwa. Lakini yuko mzee ambaye amekwisha kula sasa hivi, naye auliza, "Mbona leo sijapewa chakula?" Hupotea katika njia aliyoipita miaka hamsini. Humwita mjukuu wake kwa jina la ndugu aliyekufa zamani. Jua likianza kuchwa huhangaika, akataka arudishwe kwao, hali yuko nyumbani kwake. Mzee huyo hafanyi kusudi, wala hana ukaidi. Ni mgonjwa.

Madaktari huuita ugonjwa huu demensia. Maana yake ni kwamba ubongo unaharibika kidogo kidogo, na kumbukumbu na fikira zinaharibika pamoja nao. Sababu zake ni zaidi ya moja. Aina iliyo ya kawaida zaidi imepewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, kwa mfano kwa mtu mwenye shinikizo kubwa la damu au aliyepata kiharusi.

Basi sikilizeni vizuri hapa. Wako watu wasemao kwamba mzee wa namna hii amerogwa. Wengine husema kwamba yeye ndiye mchawi, kwa kuwa ameonekana usiku akitembea peke yake na kusema maneno yasiyoeleweka. Katika nchi yetu wazee, na hasa akina mama wazee, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Kwa hiyo kuufahamu ugonjwa huu si jambo dogo. Kijiji kisichoufahamu chaweza kumtesa mgonjwa badala ya kumtunza.

Je, ugonjwa huu uko Tanzania? Uko. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walikwenda katika vijiji sita wakawapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Waliona kwamba katika kila wazee 100 wa umri huo, kama 6 wana ugonjwa huu. Hai ni mbali na Kyela, lakini wazee ni wazee, na ubongo ni ubongo.

Dawa ya kuuponya kabisa ugonjwa huu haijapatikana. Lakini kukosa dawa ya kuponya si kukosa la kufanya. Ili tulijue la kufanya, yatupasa kujua kwanza ugonjwa huu huchukua nini na huacha nini.

Fikirini mafuriko ya mto Songwe. Maji yakija shambani, miche ya mpunga iliyopandikizwa jana huchukuliwa upesi, lakini mwembe uliopandwa na babu hubaki umesimama. Kumbukumbu za mgonjwa ziko hivyo. Mambo ya jana na ya leo asubuhi huchukuliwa mapema. Mambo ya ujana wake hukaa muda mrefu zaidi: nyimbo alizoimba, kazi ambayo mikono yake ilizoea, sala aliyofundishwa, majina ya rafiki wa utotoni. Ukitaka kuzungumza na mzee huyu, usimtafute kwenye miche. Mtafute kwenye mwembe.

Nitawapa mfano mmoja. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya redio iliyoitwa "Mtu ni Afya." Watu kama milioni mbili, katika vijiji vya Tanzania Bara, walikaa katika vikundi wakasikiliza redio na kujadiliana juu ya choo, maji na malaria. Aliyekuwa na miaka 25 wakati ule, leo amepita 75. Huenda mzee wenu asijue leo ni siku gani, lakini ukimwuliza habari za redio ile, na nani aliyekaa karibu naye, akakuambia hadithi ndefu.

Sasa turudi Hai, kwa maana huko hawakuishia kuhesabu wagonjwa tu. Walijaribu matibabu ambayo hayana kidonge wala sindano. Matibabu hayo yalitungwa Uingereza, na matokeo yake yalitangazwa huko mwaka 2003. Wazee wachache huketi pamoja, wakaongozwa katika mazungumzo, nyimbo, michezo na kazi ndogo za mikono. Hukutana mara mbili kwa wiki, kwa wiki saba, yaani mara kumi na nne. Huko Hai mambo yalibadilishwa yafuate desturi za watu wa pale, na yawafae hata wasiojua kusoma na wale ambao macho yao yamefifia. Wazee 34 walishiriki.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Wazee hawakupona. Lakini walipopimwa tena, fikira zao zilikuwa bora kuliko kabla, wasiwasi ulikuwa umepungua, na vurugu za mwenendo zilikuwa zimepungua vilevile. Hayo yote yalitokana na kukaa pamoja, kuimba na kucheza kwa utaratibu.

Wenyeji wa Kyela, jambo hili lisiwe geni kwenu. Mama mmoja mtaalamu wa mila, Monica Wilson, aliishi na mumewe Godfrey kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 akatoa kitabu juu ya vijiji vya marika. Alieleza jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao na kukaa pamoja mpaka uzee. Akaeleza pia neno la Kinyakyusa, ukwangala: yaani kustarehe pamoja na wenzako wa rika, kwa mazungumzo na chakula. Wazee wa zamani walisema kwamba mtu hupata akili kwa kukaa na wenzake. Vijiji vile vya marika vimekwisha, lakini neno lipo. Na yale yaliyofanywa Hai, kwa kweli, ni ukwangala uliowekewa siku na saa.

Haya, tufanyeje hapa kwetu? Andikeni mambo matano.

La kwanza ni nyimbo. Mwimbieni mzee nyimbo za ujana wake, za ngoma, za kanisani au za kulima. Kama alicheza ing'oma, mpeni kigoma kidogo apige akiwa ameketi. Mtu aliyepotewa na maneno ya kuzungumza aweza bado kuimba ubeti mzima.

La pili ni kazi ya mikono. Mama aliyepepeta mchele maisha yake yote, mpeni ungo na mchele kidogo. Mwingine achambue usipa, apukuchue mahindi, asuke ukili, au ageuze kakao iliyoanikwa. Asipofanya sawasawa, msimnyang'anye. Hatukumpa ungo ili tupate mchele safi. Tumempa ili ajione bado ana kazi katika nyumba hii.

La tatu ni mchezo. Bao huchezwa pande zote mbili za mto Songwe, na wazee wengi walilijua tangu utoto. Akisahau sheria, chezeni kwa sheria nyepesi, au mwacheni apange kete na kuzihesabu. Ushindi hapa si kitu.

La nne ni hadithi. Mwekeeni mkononi kitu cha zamani: chungu cha Ikombe, nyavu, jembe, picha ya arusi. Kisha msimpe mtihani. Msiseme, "Unakumbuka hiki? Mimi ni nani?" Maswali hayo humwaibisha. Semeni, "Tata, chungu hiki ni kizuri. Zamani mlikuwa mkipika nini?" Jibu lolote atakalotoa ni jibu zuri.

La tano ni wenzake. Siku mbili kwa wiki, asubuhi akiwa hajachoka, waleteni wazee watatu au wanne chini ya mti mmoja. Muda wa dakika arobaini na tano watosha. Kila siku anzeni kwa namna moja: salamu ya "ugonile," kila mtu atajwe jina lake, kisha wimbo uleule. Malizeni vilevile kwa wimbo. Mazoea humtuliza mgonjwa.

Sasa mambo ya kujihadhari. Msibishane na mzee. Akisema anataka kwenda kwa mama yake aliyekufa zamani, usimwambie kwa ukali, "Amekufa!" Utamfisha moyo kana kwamba msiba ni wa leo. Mwambie, "Nieleze habari za mama." Msimfunge kamba wala kumfungia ndani. Lakini msimwache peke yake karibu na mto, ziwa au moto, hasa wakati wa masika maji yanapojaa. Waambieni majirani, ili wakimwona njiani wamshike mkono wamrudishe kwa upole. Pombe isiwe sehemu ya mchezo, maana huuzidishia ubongo wake machafuko.

Na jambo moja kubwa zaidi. Ugonjwa huu huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa mzima jana, na leo ghafula hajui alipo, huyo ana jambo jingine. Yaweza kuwa malaria, ugonjwa wa njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au kiharusi. Huyo mpelekeni zahanati au hospitali siku ileile. Tena hata yule anayesahau polepole apelekwe apimwe, kwa sababu baadhi ya sababu za kusahau hutibika.

Mwisho, tusimsahau mtunzaji. Mara nyingi ni binti au mkwe mmoja. Usiku halali, mchana analima. Hasira ikimpanda, si kwamba ana moyo mbaya. Amechoka. Ule mkutano wa wazee chini ya mti humpa naye asubuhi mbili za kupumzika katika wiki. Wanaume, msiseme kwamba kazi hii ni ya wanawake. Kucheza bao na baba yako ni kumwuguza.

Wasikilizaji wetu, ugonjwa wa kusahau humwondolea mzee mambo mengi. Sisi tusimwondolee na nafasi yake barazani. Kesho huenda asikumbuke kwamba mlicheza naye, lakini ile furaha aliipata, nayo ilikuwa yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kuna tofauti gani kati ya kusahau kwa kawaida na ugonjwa wa kusahau?
2. Kwa nini ni hatari kusema kwamba mzee mgonjwa ni mchawi?
3. Tajeni nyimbo tatu na kazi mbili ambazo wazee wa kitongoji chenu walizipenda ujanani.
4. Chagueni mti, siku mbili na watu wawili wa kuongoza. Nani atawaleta wazee wasioweza kutembea peke yao? Andikeni majina yao katika daftari la darasa.