Mahenge, 30 Agosti 1905: Waliofyatua Nao Walikuwa Wetu

Wengi mmetoka kwenye maonyesho hapa Pazhou, miguu inauma, sitawachosha.

Tukitaja Maji Maji tunakimbilia dawa ya Kinjikitile na kuwacheka wazee. Hebu tuitazame Mahenge. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji walilivamia boma la Wajerumani lenye bunduki za rashasha. Walianguka wa mbele, wa nyuma wakazidi kusonga. Mimi ni muuguzi, najua jeraha la risasi lisipotibiwa linavyomuua mtu polepole. Jina la kamanda wa boma, von Hassel, limo vitabuni. La kijana aliyefia nyasini halimo.

Na waliofyatua? Wengi walikuwa askari weusi wenye mshahara wa Mjerumani. Hapo ndipo siasa zetu zinaponiudhi: tunasema "Mjerumani aliua", mjadala umefungwa!

Kisha wakachoma mashamba na maghala kwa makusudi. Wanahistoria hukadiria vifo hadi 300,000, wengi kwa njaa na maradhi. Muuguzi gani angewatosha?

Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906. Novemba 2023 Rais Steinmeier alikwenda Songea kuomba radhi. Vyema, ila ukoo ulikuwa bado unalitafuta fuvu la mzee wao, na mabaki ya Watanzania wengine yalikuwa makumbushoni Ujerumani.

Kuandika barua kwa Kijerumani ni kazi kwa mtu wa kijijini. Mwenye ndugu Berlin au Hamburg asiondoke kabla hatujaonana. Daftari liko kwa mweka hazina, pale mlangoni.