TARAKIMU ZA MWANZO ZA KADI HUTAMBULISHA BENKI, HAZITAMBULISHI MTU

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Hutokea mtu akapigiwa simu na anayejiita ofisa wa benki. Ili aaminike, mpigaji huzisoma tarakimu sita za mwanzo za kadi ya mwananchi huyo na kuitaja benki yake. Mwenye kadi huitazama kadi, huziona tarakimu zile zile, na moyo wake hutulia. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Inafaa ifahamike kuwa nambari ya kadi haikupangwa ovyo. Mpango wake umewekwa na Shirika la Kimataifa la Viwango, katika kiwango nambari 7812. Tarakimu ya kwanza huonesha aina ya shughuli: 3 ni ya safari na burudani, 4 na 5 ni za benki na mambo ya fedha. Hivyo kadi za Visa huanza na 4. Za American Express huanza na 34 au 37. Na za Mastercard huanza na 51 hadi 55 na, tangu mwaka 2017, pia na 2221 hadi 2720.

Kwa miaka mingi tarakimu sita za mwanzo ndizo zilizoitambulisha benki iliyotoa kadi. Mwaka 2017 kiwango hicho kilirekebishwa, zikawa nane, ili nafasi zisimalizike. Kwa tarakimu hizo ombi la malipo kutoka dukani au hotelini huifikia benki inayohusika. Zinazofuata ni za mwenye kadi, na ya mwisho ni ya uhakiki: hutokana na hesabu iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, ili kosa la kuandika ligundulike mapema.

Kwa hiyo, tarakimu za mwanzo si siri. Maelfu ya wateja wa benki moja huwa nazo zile zile. Anayezisoma kwa simu hajathibitisha lolote. Ajuaye mtaa si mwenye nyumba.

Aidha, risiti nyingi huonesha tarakimu nne za mwisho. Kwa kadi ya tarakimu 16, ajuaye nane za mwanzo na nne za mwisho hubakiwa na nne tu. Nne hizo zaweza kupangwa kwa njia 10,000; hesabu ya Luhn huzipunguza zikawa 1,000.

Wananchi wanakumbushwa kutomtajia mpigaji simu tarakimu zilizobaki, tarehe ya mwisho wa kadi, tarakimu tatu za nyuma, wala nambari ya siri. Mwenye shaka na akate simu, kisha aipigie benki kwa nambari iliyoandikwa nyuma ya kadi yake. Watumishi wanaopokea malipo nao wasinakili nambari nzima ya kadi ya mteja daftarini.

Tahadhari kabla ya hatari.