Shaka na Kura: Mhujumu Aliyefichwa katika Mashindano ya Runinga



Mwaka 1998 runinga ya Flanders, nchini Ubelgiji, ilianza kuonyesha shindano lililoitwa De Mol, yaani Fuko. Kikundi cha watu hupewa kazi za kufanya pamoja, na kazi ikifanikiwa fedha huingia katika mfuko wa wote. Mmoja wao amepatana kwa siri na waandaaji kwamba kazi hizo ataziharibu. Uholanzi ililichukua shindano hilo mwaka 1999 kwa jina la Wie is de Mol?, na tangu 2005 washiriki wake ni watu mashuhuri: waigizaji, watangazaji, wachekeshaji. Marekani nayo iliwaleta mashuhuri wake mwaka 2003 huko Hawaii, kisha Yucatán mwaka 2004, ambako mshindi alikuwa Dennis Rodman wa mpira wa kikapu.

Nimeichagua mada hii kwa sababu sijaona mahali pengine panapoonyesha wazi namna hii kinacholipata kundi linapojua kuwa ndani yake mna adui lakini halimjui. Dai langu ni kwamba utaratibu wa kushughulikia shaka unaweza kulidhuru kundi kuliko mhujumu mwenyewe.

Tuwatazame Waholanzi. Kwao hakuna kura. Mwisho wa kipindi kila mshiriki huketi peke yake mbele ya kompyuta na kujibu maswali 20 kuhusu Fuko: ni mwanamume au mwanamke? Alipanda gari lipi? Alisimama wapi wenzake walipokuwa wakivuta kamba? Mwenye alama za chini kuliko wote huondoka, na wakilingana huondoka aliyechelewa kujibu. Kisha majina huingizwa kwenye skrini moja baada ya jingine, na wote hungoja rangi: kijani ubaki, nyekundu uende. Hata mtu asiyependwa na yeyote anaweza kufika mwisho, mradi ametazama vizuri.

Lakini utaratibu huo una sumu yake. Tuseme wewe si Fuko, ila wenzako wakadhani ndiwe. Watajibu maswali kwa kukufuata wewe, nao watakosa. Kwa hiyo asiye na hatia anapata faida akionekana mwenye hatia! Basi anachelewa kwa makusudi, anajifanya amesahau namba anayoikumbuka barabara, anatoweka kidogo bila sababu. Mfuko unapungua, na mfuko huo huo ndio atakaouchukua akishinda. Fuko wa kweli anaweza kukaa asubuhi nzima bila kugusa kitu, hasara ikaletwa na wale waliokuja kuichuma fedha. Ukimkabidhi mpelelezi mkanda wa siku hiyo, atakuta hujuma tano na mhujumu mmoja, asijue aanzie wapi.

Sasa tugeukie shindano la pili, nalo ni zao la Uholanzi. De Verraders, yaani Wasaliti, lilianza huko mwaka 2021, na BBC ikaleta la Uingereza mwaka 2022, The Traitors, likiongozwa na Claudia Winkleman katika ngome ya Ardross, kaskazini mwa Scotland. Hapa wasaliti huteuliwa kwa siri na usiku "humuua" mshiriki mmoja, maana yake ametolewa mchezoni. Jioni washiriki wote huketi kwenye meza ya duara na kumpigia kura mtu wa kufukuzwa. Msaliti naye hujitahidi kama wengine katika kazi za kuchuma fedha, kwa kuwa fedha zitakuwa zake akibaki hadi mwisho. Tafakarini uzito wa jambo hilo. Kwenye Fuko kuna vitendo vya kuchunguza. Kwenye meza ya duara kuna nyuso tu. Mkimya hushukiwa kwa ukimya wake, msemaji kwa maneno yake.

Toleo la Uingereza la watu mashuhuri la mwaka 2025 lilikuwa na washiriki 19. Wa kwanza kufukuzwa alikuwa Niko Omilana, kijana aliyepata jina YouTube kwa kuwachezea watu shere. Hakuwa msaliti. Naamini sifa yake ilifika mezani kabla yake, na hiyo ndiyo hatari ya kumhukumu mtu mashuhuri: kila mmoja anadhani anamjua, kumbe anaujua uso wake wa kazini.

Wapo watakaosema kura ni haki, ndivyo watu huru wanavyoamua mambo yao. Nakubali kwamba kura hufaa watu wanapochagua wanachokitaka. Kujua nani alifanya nini usiku ni kazi nyingine, na wingi wa mikono haumsogezi mtu karibu na jibu. Tena, kabla ya kuondoka, kwa kawaida aliyefukuzwa husema kama alikuwa mwaminifu au msaliti. Meza husikia kwamba imekosea, huhuzunika, na kesho yake huketi tena kwa njia ile ile.

Mwisho wa toleo hilo unaniumiza hadi leo. Joe Marler, aliyekuwa mchezaji wa raga wa timu ya Uingereza, alikuwa amemtambua Alan Carr, mchekeshaji, kuwa msaliti. Alikuwa sahihi, naye akafukuzwa. Waliobaki na Carr ni Nick Mohammed, mwigizaji, na David Olusoga, mwanahistoria ambaye maisha yake yote hupima ushahidi. Simlaumu hata kidogo, kwani pale mezani hakupewa hati wala shahidi. Carr alipokiri alilia, na pauni 87,500 zikaenda kwa shirika la hisani alilolishindania.

Katika shindano la Fuko, Waholanzi humaliza tofauti. Fuko akishajulikana, kipindi cha mwisho hurudisha picha za hujuma zake, kazi baada ya kazi, na mtazamaji nyumbani huona mkono uliofanya kila jambo. Washiriki waliomshuku mtu mwingine msimu mzima huona pia pale walipopotea, na kwa kitendo gani.