Samaki Mgeni na Karantini ya Wiki 4

Mudhaibi, katika Sharqiyah ya Kaskazini nchini Oman, ni wilaya ya bara, mbali na pwani. Samaki wa mapambo hufika huko kwa gari, ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji na hewa. Mnunuzi hushawishika kuwamimina tangini siku hiyo hiyo, na aghalabu hapo ndipo msiba wa tangi zima huanzia.

Jamaa wa Sharqiyah walioishi Zanzibar walilifahamu neno karantini. Katika kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, abiria wa meli za ng'ambo walizuiliwa kwa muda kabla ya kuingia mjini. Si kwamba wote walikuwa wagonjwa, bali maradhi huweza kujificha kwa mtu anayeonekana mzima.

Samaki naye ni vivyo hivyo. Ugonjwa wa madoa meupe huletwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis, kinachojichimbia chini ya ngozi na katika mashavu ya samaki. Kikishakomaa hudondoka, hujifunga ndani ya kijifuko, kisha hugawanyika kuwa vichanga mamia kwa mamia. Vichanga hivyo visipopata samaki kwa muda wa siku 2 hivi, hufa. Katika maji ya nyuzijoto 25 mzunguko huo huchukua yapata wiki moja. Maji yakiwa ya baridi, huweza kupita mwezi. Dawa huua vichanga vinavyoogelea tu, haikifikii kilichojificha ngozini. Ndiyo maana kutia dawa mara moja hakutoshi, na ndiyo maana wageni hutengwa kwa wiki 4.

Tangi la karantini si lazima liwe kubwa. Liwe na chujio, wavu na ndoo yake, visivyotumika kwingine. Mfuko uelee kwanza mpaka joto lilingane; kisha samaki watolewe kwa wavu, maji ya dukani yasiingie. Maji yabadilishwe kidogo kidogo mara kwa mara, yakiwa yameondolewa klorini. Mwenye tangi aangalie samaki anayejikwangua kwenye mawe, anayehema upesi au anayekataa chakula. Ugonjwa ukizuka, utibiwe humo humo, na hesabu ya siku ianze upya baada ya kupona.

Jambo la mwisho, na zito kuliko yote: samaki hao na maji yao wasiachiwe katika falaji wala wadi. Mna samaki wadogo wa asili humo, na Oman ina hata samaki vipofu katika pango la Al Hoota, karibu na Al Hamra. Tangi lililoambukizwa huweza kuoshwa na kukaushwa. Falaji haina wa kuikausha.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa samaki mgeni, jembe na lisubiri mpaka wiki ya 4 ipite.