Vita Vina Majina Mengi



Wapendwa wasikilizaji, katika Injili ya Dominika hii (Mt 5:17-37) Bwana wetu anairudia amri ya kale inayokataza kuua, kisha anakwenda mbali zaidi: hasira dhidi ya ndugu, na tusi analorushiwa ndugu, anaviweka katika mizani ileile ya hukumu. Wengi wetu tukiisikia amri hiyo hujiona salama, kwa kuwa hatujamwaga damu ya mtu. Leo tuitazame pale ambapo wanadamu huivunja kwa maelfu, yaani vitani.

Wataalamu wamevigawa vita katika aina nyingi. Kuna vita vya dola na dola. Kuna vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambamo raia wa nchi moja huelekezeana silaha. Kuna vita vya msituni, ambamo kikosi kidogo hushambulia na kutoweka, kama walivyopigana FRELIMO nchini Msumbiji tangu 1964. Tena palikuwa na vita baridi kati ya Marekani na Urusi ya Kisovieti. Majeshi ya wakubwa hao hayakukabiliana uso kwa uso, lakini watu wa Korea, Vietnam na Angola walivilipia vita hivyo kwa damu iliyokuwa ya moto.

Majina haya si mchezo wa maneno. Mikataba minne ya Geneva ya 1949 ilitungwa hasa kwa ajili ya vita vya dola na dola. Vita vya ndani ya nchi vilipewa kifungu kimoja tu, cha tatu, kinachorudiwa katika mikataba yote minne. Hata hivyo kifungu hicho kinakataza kumuua au kumtesa asiyepigana, na aliyekwisha kuweka silaha chini.

Kanisa nalo lina kipimo chake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alidai mambo matatu ili vita viitwe vya haki: viamriwe na mtawala halali, viwe na sababu ya haki, na wanaopigana wawe na nia njema. Katekisimu ya 1992 inakaza zaidi: njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, na silaha zisilete maovu makubwa kuliko yale yanayoondolewa. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake wa 2020, alionya kwamba kwa silaha za siku hizi ni vigumu sana kuzungumza tena juu ya vita vya haki.

Mzee mmoja wa parokia niliyowahi kuhudumia alipigana vita vya Kagera, vile vilivyoanza Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia ardhi ya Tanzania. Siku moja aliniambia: “Padre, vita vyetu vilikuwa vya haki. Tulivamiwa. Lakini nilimkuta kijana wa upande wa pili amelala majeruhi, akaniomba maji. Aliniomba kwa Kiswahili. Nikampa, akafa kabla hajamaliza kunywa. Kama vita vilikuwa vya haki, mbona sauti ile naisikia hata leo?”

Nilimjibu kwamba sauti ile haikuwa ikimshtaki. Mtakatifu Agostino alifundisha kwamba hata vita vya haki humpasa mtu mwema kuvililia, na kwamba anayeviona bila uchungu amepoteza utu wake. Mzee yule hakuwahi kusoma mkataba wowote wa Geneva, lakini alipomnywesha adui yake maji aliutimiza. Hakumwita adui kwa jina jingine. Alimwona mtu mwenye kiu.

Ndugu zangu, hapo ndipo Injili inapotufikisha. Kabla ya panga kuinuliwa, mtu hunyang’anywa kwanza jina lake la utu. Huko Rwanda, mnamo 1994, kituo kimoja cha redio kiliwaita Watutsi “inyenzi”, yaani mende. Mende hauawi kwa majuto. Wakati maangamizi yale ya kimbari yakiendelea, wengi ulimwenguni waliendelea kuyaita vita vya kikabila, kana kwamba ni ugomvi wa pande mbili usiomhusu mgeni. Maana Mkataba wa 1948 huwadai mataifa wayazuie mauaji ya kimbari. Tarehe 21 Aprili 1994 Baraza la Usalama liliamua kupunguza askari wa kulinda amani hadi wapatao 270. Basi jina baya liliwaua watu, na jina la uongo likawanyima mwokozi. Nayasema haya redioni, nami natetemeka, kwa kuwa chombo hikihiki kinacholeta Neno la Mungu nyumbani mwako kiliwahi kuleta neno lile katika nyumba za wengine.

Sisi tulioketi tukisikiliza asubuhi hii hatuna majeshi. Lakini je, jirani tunayegombea naye mpaka wa shamba tunamwitaje tukiwa peke yetu? Na watu wa kabila lile, au wa dini ile, tunawatajaje mezani mbele ya watoto wetu? Mtoto hulichukua jina hilo kama alivyolipokea, na siku ya ghasia atakuwa nalo tayari mdomoni.

Bwana anatuagiza tuiache sadaka yetu mbele ya altare, twende kwanza tukapatane na ndugu. Basi wewe unayejiandaa kwenda Misa, pitia kwanza kwa yule usiyemtaja kwa jina lake. Mwite kwa jina alilobatizwa, au alilopewa na wazazi wake. Akikuomba maji, mpe. Akikupa yeye, yapokee, unywe.

Mwenyezi Mungu, aliye asili ya amani, awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.